Kiingereza cha Kupokelea Wakwe

Butembo, 15 Januari 2023

Yaya Kaswera,

Dada yangu mkubwa, pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama Ornella mpaka wafanyakazi wa duka. Sisi ni wazima. Mvua inanyesha kila mchana, misumari inashika kutu kabla haijauzwa, lakini mabati yanatoka vizuri kwa sababu ya mvua hiyo hiyo, donc, yaani kwa hiyo, siwezi kumlalamikia Mungu upande mmoja tu. Mgongo wa mama Ornella umepoa. Natumaini na wewe huko Beni magoti yako yanakusikiliza, na biashara yako ya mawese haijalala.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu ulisema simu yangu ina masikio mengi. Ni kweli. Hapa dukani siwezi kusema neno bila wateja kutoa maoni yao. Barua hii anakuletea Maulidi, dereva wa Fuso anayebeba mabati yangu. Ukitaka kujibu, mpe yeye huyo huyo, anapita kwangu mara kwa mara barabara ikimruhusu.

Sasa shika kiti. Ornella amepata mchumba. Ndiyo, Ornella wangu, ambaye wewe ulimlea hapo Beni miaka yote ya sekondari. Kijana anaitwa Malachie, kwao ni Kasese, upande wa Uganda, na anafanya kazi ofisini Kampala. Walijuana Kasindi, siku nilipomtuma Ornella mpakani kufuata bidhaa zilizokwama. Baba yake analima kahawa na ana nyumba ya ghorofa. Watakuja kwetu baada ya Pasaka, kujitambulisha na kuzungumza mahari.

Yaya, hawa ni watu wa Kiingereza. Sitaki wanikute nimekaa kama mtu aliyeteremka mlimani asubuhi na kapu la viazi. Kwa hiyo nimejiandikisha kwa Mwalimu Jean-de-Dieu, aliyefungua shule ya Kiingereza juu ya duka la dawa. Ana njia yake mwenyewe. Anasema wengine wanajichosha na maneno elfu, kumbe Kiingereza chote kimebebwa na neno moja tu: get. Ni kupata, ni kufika, ni kuelewa, ni kuzeeka, ni kuoa, ni kuamka, ni kupanda gari na kushuka. Ukilishika hilo, umemaliza. Nimeanza juzi tu, na tayari nasema mambo ambayo mimi mwenyewe siyajui.

Tarehe ya wakwe bado tunaitafuta. Nitakujulisha.

Mdogo wako,
Nzanzu


Beni, 28 Januari 2023

Mdogo wangu Nzanzu,

Barua yako imefika ikinuka mazuti ya lori, lakini habari zake zilinukia vizuri. Huku tupo. Juzi usiku risasi zilisikika upande wa mashariki, tukalala chini, tukaamka, soko likafunguliwa kama kawaida. Mawese ya msimu huu ni mazito na mekundu, wateja hawabishani sana. Magoti yangu hayamsikilizi mtu, yamekufuata wewe.

Niliposoma jina la Ornella nilipiga vigelegele peke yangu hapo sokoni, jirani akaja mbio kuuliza nani amezaa. Nzanzu, nimefurahi mpaka nimelia. Yule mtoto alilala kitanda kimoja na mimi, nikamfundisha kusonga fufu bila madonge, nikampeleka hospitali mgongoni malaria ilipomshika na pikipiki zote zimejificha. Na leo ana mchumba, na mimi nasikia kutoka kwa baba yake! Mwambie nimemkasirikia mpaka jioni. Kesho asubuhi nitakuwa nimesahau.

Lakini hebu nieleze jambo moja. Kasese ni kwa nani? Si kwa Bakonzo? Na Bakonzo ni nani kama si sisi, bendera ndiyo imetutenganisha? Lugha yao ni Kinande chetu, wanakiita kwa jina lao tu. Nauziana nao maharagwe Kasindi tangu nikiwa msichana, tunatukanana juu ya bei na kila mmoja anaelewa tusi lake bila mkalimani. Huyo mkwe wako ukimkanyaga mguu atalia kwa Kinande. Kwa nini umpokee kwa lugha itakayowatoa jasho nyote wawili?

Na huyo mwalimu amekuuzia kitu tulichonacho nyumbani. Sisi tuna piga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga chafya, tunapiga soga, asiye na kazi anapiga miayo, na sijawahi kuona mzee mwenye duka amekalishwa kwenye benchi la shule kufundishwa hayo. Maulidi naye amenichekesha. Anasema: "Mama Kaswera, ndugu yako anakuwa muzungu sasa. Alinisalimia na Kiingereza, miye nikaogopa, nikafikiri ni polisi ya Uganda."

Niambie tarehe mapema. Unajua kwetu binti hatoki chumbani mbele ya wakwe mpaka shangazi amshike mkono, na shangazi ni mimi, hakuna mwingine. Niambie pia kitenge ni rangi gani, nimpelekee fundi kabla hajajaza kazi za Pasaka.

Dada yako,
Kaswera


Butembo, 5 Machi 2023

Yaya Kaswera,

Samahani kwa kukawia. Maulidi alipita, akapita tena, na kila mara alinikosa kwa sababu nilikuwa darasani. Sisi ni wazima. Mama Ornella anakusalimu. Mtoto wa mwisho ameota jino la mbele, na paa la jirani limeng'olewa na upepo, maskini, nikamuuzia mabati mengine.

Kuhusu Kinande, usifikiri sijui. Najua ni Bakonzo. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Nikimpokea baba Malachie kwa Kinande, ataniona ni ndugu yake, na ndugu analetewa mbuzi wa kindugu, wale waliokonda. Mtu wa Kiingereza analetewa mbuzi wa heshima. Wewe ni mfanyabiashara, unaelewa. Kinande ni kizuri kwa kununulia maharagwe, lakini wakwe ni kitu kingine.

Halafu usidharau get. Imeingia mji mzima. Mama Ornella anawaamsha watoto kwa get up, anawapeleka kuoga kwa get in, na wakichelewa anasema get peke yake, na wanakwenda haraka kuliko zamani. Nilipotaka kumsahihisha matamshi alinijibu: "Hapana unisumbue na get yako, batoto banachelewa!" Jirani anayeuza vipuri vya pikipiki ameandika mlangoni GET MOTEUR, yaani pata injini. Jumapili iliyopita, kwenye maombi ya waamini, mzee mmoja alisimama akamwomba Bwana atusaidie tu-get amani, na kanisa zima likaitikia. Nikimuuliza mfanyakazi wangu kama misumari imefika, ananiambia tume-get. Nikimuuliza iko wapi, ananiambia bado hatuja-get vizuri. Zamani angesema tu kwamba haijafika, lakini ndiyo maendeleo.

Mwalimu ametutengenezea protokoli ya siku ile. Kila atakayefungua mdomo mbele ya wageni lazima kwanza apite kwake, asimame, aseme Kiingereza bila kuchanganya. Mimi nimepita. Mama Ornella amepita kwa shida, alisema get mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Kuhusu wengine tunaendelea kuangalia.

Sasa tunakuhitaji, yaya. Wageni watakuwa wengi. Ukiweza, utusaidie na mchele wa huko, dumu za mawese mazuri kama hayo uliyoyasifu, na kuku wa kienyeji. Usijisumbue kupanda mwenyewe. Barabara si nzuri siku hizi, na magoti yako nayajua. Mpe Maulidi vyote, atafikisha.

Rangi ya kitenge bado hatujachagua.

Mdogo wako,
Nzanzu


Beni, 12 Machi 2023

Nzanzu,

Salamu kwa wote. Huku tu wazima, mvua imepasua mtaro wa sokoni, tunauza tumesimama juu ya matofali.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikampa jirani yangu anisomee tena labda macho yangu yamezeeka. Jirani naye ameona hivyo hivyo: barabara ni mbaya kwangu na ni nzuri kwa mchele wangu. Kuku wangu watafika salama na mimi nitakufa njiani. Mawese yatapita kwenye vizuizi vyote na dada yako atazuiliwa. Fuso ni ile ile moja, Nzanzu. Maulidi ana nafasi mbele karibu yake, na mara zote ananiambia panda.

Nitatuma ulivyoomba, kwa sababu atakayekula ni wakwe wa Ornella na sitaki walale njaa kwa kosa la mtu mwingine. Ila nijibu swali moja, usinizungushe kwa habari za meno ya mtoto. Siku hiyo nani atamshika Ornella mkono?

Kaswera


Butembo, 2 Aprili 2023

Yaya Kaswera,

Natumaini barua hii inakukuta salama mnapojiandaa kwa Pasaka. Sisi ni wazima. Juma lote nilikuwa na mafua, lakini yamepungua. Kwaya ya parokia inafanya mazoezi karibu na nyumba yetu, hatulali mchana.

Wageni watakuja mwishoni mwa mwezi huu. Mengi yamepangwa na mengine yanapangwa. Kuhusu lile la mkono, protokoli imelishughulikia, hakuna la kuhangaika. Usilichukue vibaya. Siku hizi mambo yanafanyika kwa utaratibu, kila mtu na mahali pake, na mahali pako panajulikana.

Mchele ukiweza uje mapema kidogo, wapishi wanataka kuuchambua.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Nzanzu


Butembo, 2 Mei 2023

Yaya Kaswera,

Salamu nyingi. Mchele ulifika, mawese yalifika, kuku walifika wote wakiwa hai, jambo ambalo kwa barabara ile ni neema. Nilitafuta barua yako ndani ya magunia mpaka chini kabisa. Nilimuuliza Maulidi, akaniambia: "Hapana, mama haiko na neno." Basi nimeamua kuandika mimi, kwa sababu kuna jambo limetokea na ni afadhali ulisikie kwangu.

Wageni walikuja Jumamosi, na magari mawili, la nyuma limebeba mbuzi. Mwalimu Jean-de-Dieu alikuwa amesimama langoni na tai shingoni. Mimi nilikuwa mbele, na suti ya bluu. Nilitaka kuwaambia washuke garini, karibuni nyumbani. Mwalimu alitufundisha kwamba kushuka ni get down. Donc nikapaza sauti kwa furaha yote niliyokuwa nayo: "Get down! Get down!" Kumbe kwa watu wa kule neno hilo pia ni amri ya kulala chini, na dereva wao ni kijana wa Kampala aliyetishwa na habari za huku kwetu tangu alipovuka mpaka. Alijitupa kwenye tope na kumvuta baba Malachie pamoja naye, na suti yake nyeupe. Mama Malachie peke yake alibaki garini akinitazama. Akanisalimu kwa Kinande kizuri kabisa. Mimi nikajifanya sikusikia.

Tulimwosha mzee, nikamkopesha suruali. Tukaketi. Nikasimama na kusema sentensi zangu zote za protokoli. Mzee akanisikiliza kwa heshima, akatoa karatasi mfukoni, akanijibu kwa Kifaransa. Yaya, unajua walifanya nini? Tangu Januari wao nao wamemlipa mwalimu huko Kasese awafundishe Kifaransa, wakisema watu wa Congo ni watu wa Kifaransa, wasije wakadharauliwa. Alikuwa na neno lake moja, enchanté, yaani nimefurahi kukujua. Ukimpa soda, enchanté. Ukimsogezea kiti, enchanté. Mimi nikimwambia get, yeye ananiambia enchanté, na waalimu wetu wakiwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika, maana wa kwao pia alikuja naye. Tulikaa hivyo mpaka chakula kikaanza kunukia.

Hapo ndipo wakaomba kumwona binti.

Nikueleze sasa lile la protokoli. Mwalimu aliona kwamba nafasi ya shangazi ina maneno mengi ya kusema mbele ya wageni. Akatafuta mtu anayeweza. Kuna mama mmoja wa kwaya, Jokébed, rafiki ya mama Ornella, alikaa Kampala miaka ya vita na Kiingereza chake hakina kasoro. Basi akaandikwa yeye kwenye nafasi hiyo. Ilikuwa ni kwa siku moja tu. Tukampa na kitenge cha familia, kile cha kijani.

Jokébed akaingia chumbani kumchukua Ornella. Akatoka peke yake. Akaingia tena, akatoka peke yake. Mama Ornella akaingia, tukasikia sauti yake tu. Wageni wakaanza kutazamana. Ndipo mama Malachie akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akauliza kwa Kinande: "Mwanangu, umetukataa?"

Na Ornella akajibu kutoka ndani, kwa Kinande, sebule nzima ikasikia. Alisema hawakatai, anampenda Malachie na anawapenda wao. Akasema huyo mama aliyekuja kumshika mkono hamjui, na kwamba shangazi yake yuko Beni, hakuitwa. Akasema bila yeye hatoki, hata tukimngoja mpaka azeeke humo.

Hakuna ambaye hakuelewa, isipokuwa yule dereva.

Mama Malachie akarudi, akaketi mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama dada yangu amefariki, kwa sababu kama ni msiba wangekuja kwanza kulia na sisi. Mwalimu alinikonyeza nijibu kwa Kiingereza. Nilifungua mdomo, yaya, na lugha zote zikanikimbia, hata ile niliyozaliwa nayo.

Walikula. Mchele wako waliusifu. Baba Malachie aliweka ile karatasi yake chini ya sahani, akaniambia kwa Kinande, sasa bila shida yoyote, kwamba hawana hasira, ila watarudi siku shangazi mwenyewe atakapowaita. Mbuzi hawakushushwa. Niliwasikia wakilia mpaka kona ya barabara. Walikuwa wanono kweli.

Naona kwamba protokoli haikueleweka vizuri na pande zote. Tafadhali uwapigie, au uje.

Mdogo wako,
Nzanzu


Butembo, 17 Mei 2023

Yaya Kaswera,

Hujanijibu. Maulidi anasema alikukabidhi barua mkononi na ukaisoma mbele yake umesimama, kisha ukarudi kupima mawese.

Hatujambo, lakini si sana. Ornella anafagia, anapika, anafua, anaitika akiitwa, na haniangalii. Jana nilimletea viatu vipya, akasema asante baba, akaviacha kwenye sanduku lake. Usiku nasikia simu yake ikiita, ni Malachie, wanaongea polepole. Nadhani analia. Mama Ornella hanisemeshi isipokuwa kuhusu chumvi na sabuni. Mjini wanacheka. Yule wa GET MOTEUR ananiuliza kila asubuhi kama nime-get wakwe. Nimeacha darasa. Mwalimu amepata wanafunzi wengine, sasa anafundisha watu wa pikipiki.

Yaya, wakipitisha mwezi huu bila kusikia kutoka kwetu, watafikiri tumekataa, na mtoto atapoteza mume anayempenda. Sasa mambo yako mikononi mwako. Kulikuwa na kutoelewana juu ya mpangilio, na barabara kweli ilikuwa mbaya wakati ule, na mimi nilihofia afya yako. Ninakuomba tuyaache hayo, tutazame mbele.

Mdogo wako,
Nzanzu


Butembo, 27 Mei 2023

Nzanzu,

Ukitazama hapo juu utaona nimeandika Butembo. Barua hii sikumpa Maulidi aibebe. Nimekaa mbele karibu yake kutoka Beni mpaka mlangoni kwako, nimekuja nayo kwenye kikapu, na nimekupa mwenyewe mkononi. Unaisoma mimi nikiwa nimeketi kwenye kiti chako cha wageni. Nimeandika kwa sababu nikifungua mdomo nitalia kabla sijamaliza, na sitaki wafanyakazi wako wapate cha kusimulia.

Salamu za Beni: wazima wote. Magoti yameuma njia nzima, na hayakufa.

Mchele niliutuma bila barua kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi. Niliandika, nikachana, nikawasha nayo moto. Nilikuwa nimeshaelewa tangu uliposema mahali pangu panajulikana. Palikuwa jikoni, huko Beni, ninyonyoe kuku.

Lakini kuna jambo hukulijua. Siku ile nilipokucheka kwa ajili ya piga na get, jioni yake nilimwomba Maulidi anifundishe. Yeye anavuka mpaka wa Uganda pale Mpondwe kila mara, anakijua Kiingereza cha kule. Kila alipoleta barua yako alikaa dakika kidogo nyuma ya mapipa, akanifundisha. Nimejifunza get up na get in. Nimejifunza kwamba mtu akikuambia hakuku-get kwenye simu, maana yake hakukusikia, wala hakukutukana. Nilikuwa narudia nikipima mawese, wateja wakaniuliza, "Mama, unaongea na nani?" Nikawaambia naongea na wakwe.

Nilitengeneza na sentensi ya kuwaambia siku ile nikiwa nimemshika Ornella. We get a son, you get a daughter. Tunapata mwana, nanyi mnapata binti. Maulidi alisema iko sawa. Niliisema mbele ya kioo mpaka ikaacha kunitetemesha. Nikashona na nguo, rangi niliibahatisha, nikachagua ya zambarau. Nilitaka nikushangaze, Nzanzu. Nilidhani utanitazama mbele ya watu wote na utafurahi kwamba ni dada yako.

Hukunipa hata nafasi ya kushindwa. Huyo mwalimu angenisikiliza, labda angenikataa, ningerudi nikae nyuma na wapishi na nisingenung'unika. Wewe hukuniuliza kabisa. Ulimvika mtu mwingine kitenge, ukamwita mimi.

Usihofu juu ya wakwe. Nimeshampigia mama Malachie jana, kwa Kinande, tumeongea mpaka salio likaisha. Watakuja Jumamosi ijayo, na waalimu wote wabaki makwao. Ornella nitamtoa mimi. Hilo ni deni langu kwake, si kwako, na sitamfanya mtoto alipe kwa ajili ya baba yake.

Ila kabla sijainuka hapa kwenda kumwona, kuna kitu kimoja nakingojea. Katika barua zako umetaja barabara. Umetaja magoti. Umetaja utaratibu, protokoli, mpangilio, afya yangu. Umezunguka mlima mzima, na hata katika ile barua ya kuomba msaada hukukaribia penyewe. Mimi nimekusaidia kuvuka mengi tangu tulipomzika baba, lakini hili sikusemei.

Kunja karatasi, Nzanzu. Niangalie. Uniambie kwa mdomo wako kwamba uliona aibu watu wale wajue mimi ni dada yako. Sema hivyo hivyo, kwa Kinande, nikusikie.